Chenso ya Kihwele na Kikohozi Chake

Palikuwa na tajiri wa mbao aliyeitwa Kihwele, kule nyanda za juu ambako baridi huamka kabla ya jogoo. Miti yote ya milingoti unayoiona mlimani ilikuwa yake. Ile usiyoiona alikuwa akiitafutia hati. Vibarua wake aliwapa uji kikombe kimoja kwa siku, mwepesi kiasi kwamba unaona kitako cha kikombe.

Jumanne moja, saa tatu kasorobo asubuhi, alishuka garini na kubwaga chenso yake juu ya meza ya fundi Sekela. Chenso ni ule msumeno wa mnyororo unaokwenda kwa petroli, lakini hii haikuwa ya kawaida. Kihwele alikuwa ameipanulia bomba la moshi ili ingurume kuliko chenso zote bondeni.

"Shikamoo, bosi."

"Marahaba. Rekebisha kabureta. Masharti yangu unayajua."

Nani asiyeyajua? Fundi akimaliza, Kihwele huinyanyua chenso juu, hufumba macho kama anayeombewa, huvuta resi mpaka mwisho na kusikiliza. Ikikohoa, fundi halipwi, na sanduku lake la vifaa linachukuliwa kuwa fidia. Na zote zilikohoa! Mafundi watatu walikwisha kupokonywa. Mmoja wao sasa anauza karanga stendi. Ajabu yake, chenso hizohizo zilizokohoa zilipasua magogo ya Kihwele kutwa nzima bila kusita.

Hapana uchawi. Chenso iliyorekebishwa sawasawa huachiwa mafuta ya akiba kidogo. Ikiwa hewani, haina kazi, mafuta yanaizidi, inakohoa. Ikigusa gogo, akiba inapata kazi, kikohozi kinakatika. Sekela alilijua hilo. Alijua pia kwamba sanduku lake alilipata kwa misimu miwili ya kuchuma chai, na likiondoka, yeye atarudi kwenye chai.

"Bosi," akasema, "umepanua njia ya moshi. Sasa inavuta pumzi nyingi. Itataka mafuta zaidi."

"Mafuta yangu?"

"Yako, bosi. Mimi sina kisima."

"Nataka ingurume zaidi na inywe kidogo!"

"Hata vibarua wako hula kwanza ndipo wangurume."

"Ndiyo maana hawangurumi."

Watu wakaanza kusogea. Mama Twilumba, muuza maharage wa jirani, akaacha chungu chake motoni.

"Na isipokohoa je, bosi?" Sekela akauliza.

Kihwele akacheka, akawageukia watu. "Isipokohoa, narudisha masanduku yote matatu leo hii!"

"Unapimia hewani au kwenye gogo?"

"Hewani! Nilipimia hewani kabla hujazaliwa. Sikio langu halihitaji gogo."

"Mama Twilumba, umesikia?"

"Nimesikia mimi, na maharage yangu yamesikia."

Sekela akashika bisibisi. Akaiwasha chenso, akatega sikio. Akaibana skrubu ya kabureta inayopitisha mafuta, akayapunguza unywele kwa unywele, mpaka kikohozi cha mwisho kikapotea.

"Tayari, bosi. Ni tayari kwa hewa."

Kihwele akainyanyua, akafumba macho, akavuta resi. Chenso ikaimba kama nyenje wa adhuhuri. Akafumbua jicho moja. Akavuta tena. Nyenje. Akaitikisa kama mtoto aliyemeza sarafu. Nyenje! Watu wote walikuwa wanamtazama. Kabla ya adhuhuri masanduku matatu yalikuwa yameteremshwa, na kule stendi karanga zilibaki bila mwenyewe.

Kesho yake asubuhi Sekela akaitwa haraka uani kwa Kihwele. Vibarua walikuwa wamesimama, tajiri anahema kuliko mashine.

"Binti! Inagusa gogo inazima! Umeniharibia!"

"Umejaribu mara ngapi, bosi?"

"Mbili!"

"Afadhali. Ungeilazimisha zaidi, pistoni ingeungua."

"Na jana hukusema?"

"Jana sikio lako halikuhitaji gogo."

Kibarua mmoja akaangalia viatu vyake ili asicheke.

"Irekebishe ikate!" akafoka Kihwele.

"Mbele ya hawa wote?"

"Mbele ya yeyote! Ikate tu!"

Sekela akailegeza skrubu, akavuta kamba, akapiga resi hewani. Kho, kho, kho! Kihwele akaruka. "Inakohoa! Leta sanduku!" Sekela akaishusha kwenye gogo. Kikohozi kikakatika, unga wa mbao ukatimka, na kipande kizima kikaangukia miguuni pa tajiri. Akaizima, akamkabidhi.

"Inakata," Kihwele akakubali kwa shida. "Lakini imekohoa. Nimeisikia kwa sikio langu!"

"Hicho si kikohozi, bosi. Ni mbweu ya aliyeshiba. Huijui, kwa sababu vibarua wako hawajawahi kuipiga."