Ngoma ya Pimbi Uwanja wa Tifutifu

Paukwa!

Pakawa!

Mbona mnaitika kama mnaomba chumvi kwa jirani? Wali mmekula, nimewaona. Paukwa!

Pakawa!

Haya, sasa hiyo ndiyo sauti.

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakialikana ngoma, palikuwa na kikundi cha watatu. Chiriku aliimba. Kanga alitikisa kayamba. Pimbi alipiga ngoma. Leo huku, kesho kule, na Chiriku ndiye mkubwa wao.

Siku moja Kunguru akaleta mwaliko. "Wenyeji wa Tifutifu wanawataka Ijumaa. Watakuja wote, hata wazee."

Wakaenda. Wakatembea, wakatembea, Pimbi na ngoma mgongoni, jasho linamtiririka. Njiani Chiriku akamgeukia.

"Pimbi, ndugu yangu, nikwambie ukweli. Ngoma yako inanifunika sauti. Leo piga, lakini leo ndiyo mwisho. Kesho shika njia yako."

Pimbi akaipandisha ngoma mgongoni, akaendelea kutembea. Ngoma ile aliichonga mwenyewe, akaiwamba mwenyewe, na kazi nyingine hakuijua. Moyo ulimuuma, jamani, ulimuuma sana.

Wakafika Tifutifu jua la utosi. Hapakuwa na mtu. Nyasi fupi, udongo laini, na vifusi vitatu vya udongo mbichi, basi.

"Tumekosea siku?" akauliza Kanga.

"Leo si Ijumaa?"

"Ijumaa hasa."

"Basi tumekosea uwanja?"

"Uwanja ndio huu."

Wakatazamana. Hakuna aliyeelewa kitu.

"Nikiimba, watakuja wenyewe," akasema Chiriku. Akaimba! Akapandisha, akashusha, akaremba. Kimya. Hata nzi hakuja. Kanga akatikisa kayamba, chaka-chaka-chaka. Kimya.

Pimbi akapiga. Ndi! Ndi! Ndi-ndi-ndi!

Puu! Kifusi cha nne kikainuka mbele yake.

Pimbi akaacha. Ardhi ikatulia. Akapiga, ndi! Puu, cha tano. Akaacha, kimya. Akapiga, ndi-ndi! Puu! Puu!

"Kanga, umeona?" akauliza Pimbi.

"Nimeona, lakini sijui nimeona nini."

Pimbi akachanganyikiwa kabisa. Je, ardhi ya hapa inaumwa? Au nayo inamfukuza, kama Chiriku? Akapiga kidogo, akachungulia, akapiga tena, akaruka nyuma. Vifusi vikafika kumi na viwili.

"Acha!" Chiriku akafoka. "Unabomoa uwanja wa watu! Ndiyo maana hawaji!"

Pimbi akashusha mikono. Akaanza kuifunga ngoma yake kamba, machozi yanamlengalenga.

Mara kifusi kimoja kikapasuka. Ikatoka pua, yakatoka meno mawili, akatoka Fuko mzee, macho kayafumba.

"Hodi huko juu! Mbona mmenyamaza?"

"Tuliwangoja," akasema Chiriku. "Hamkuja."

"Hatukuja? Tumejaa toka asubuhi! Tumebanana huku chini, kila mtu kabandika shavu ukutani, hata mama mkwe wangu yupo. Ngoma ikikolea tunasukuma udongo juu. Ndivyo tunavyoshangilia sisi. Hamkuona?"

Pimbi akageuka kuvitazama vile vifusi.

Chiriku akakohoa kidogo. "Na uimbaji wangu, mzee, mmeuonaje?"

Fuko akainamisha kichwa. Akafikiri. Akafikiri tena.

"Samahani, bwana. Kwani kuna anayeimba?"

Lo! Chiriku akamtazama Kanga. Kanga akatazama kayamba lake. Kisha Chiriku akamsogelea Pimbi, polepole.

"Fungua ngoma, ndugu yangu."

"Si ulisema leo mwisho?"

"Nilisema. Nimekosa, nisamehe."

Pimbi akafungua. Ndi! Ndi! Ndi-ndi-ndi! Chiriku akashuka chini, akakanyaga kwa vijiguu vyake, ti-ti-ti, angalau naye asikike. Puu hapa, puu pale, puu kila mahali! Jua liliposhuka, ungedhani uwanja ule ni shamba lililolimwa. Na Pimbi hakushika njia yake kesho yake, wala kesho kutwa.

Basi wanangu, na nyie wakubwa mnaojifanya mmesinzia, funzo ni hili: usimfukuze mwenzako kwa sababu tu wewe humwoni anayemsikiliza.

Hadithi yangu imeishia hapo. Aliyeipenda asinipigie makofi. Apige mguu sakafuni, ndi! Nami nitajua yupo.