Udongo wa Kuzibia Hewa

Hapo zamani, katika mji wa Kitukizi, alitawala Sultani Haidari, mtu aliyependa kujenga majumba kuliko kukaa ndani yake. Tanuri zake za chokaa ziliwaka mchana kutwa na usiku kucha, moshi ukatanda juu ya mji kama blanketi, joto likazidi, na mvua ikagoma. Basi wanazuoni wakamwendea wakamwambia, "Bwana wetu, moshi huu ndio unaotupika. Usipopunguzwa, tutaiva."

Sultani akamwamuru waziri wake, Nasibu, atunge sheria. Nasibu alikuwa hodari wa kutunga sheria za kuwauma watu wengine. Akaiandika, na mpiga mbiu akazunguka mji mzima: "Atakayechafua hewa ya nchi hii, mkubwa au mdogo, tundu lililotoa uchafu huo litazibwa kwa udongo papo hapo!"

Ikawa askari wanapita nyumba kwa nyumba na ndoo za udongo, wanaziba majiko ya watu. Walipouliza habari ya tanuri za chokaa, waziri akawajibu, "Ule si uchafu. Ule ni moshi wa enzi."

Jiko la Mwanakheri nalo likazibwa. Huyu alikuwa muuza maharage ya nazi, na maharage hayo ndiyo yaliyomlisha yeye, watoto wake, na mumewe Shomvi, ambaye kazi yake ilikuwa kusema. Mwanakheri akalia kwa uchungu, maana bila jiko wangelala njaa.

"Mume wangu," akasema, "ulimi wako umetuponza mara nyingi. Leo utuokoe."

Shomvi akakitazama chungu cha mwisho, kilichoiva kabla askari hawajafika. "Nipe hicho," akasema, "na udongo waliouacha hapo nifungie katika jani la mgomba."

Basi akaenda barazani kwa Sultani, akapiga magoti. "Bwana wangu, umri wako uzidi. Haya ndiyo maharage ya mwisho ya mke wangu, kwa kuwa jiko lake limezibwa. Nimeona haya kuyala mimi, na wewe upo."

Sultani akakipakata chungu, akala peke yake mpaka akakwangua ukoko. Kisha akarudi kusikiliza mashauri ya watu, naye Shomvi akaketi pembeni, akangoja kwa adabu.

Haukupita muda, Sultani akajiinua upande mmoja wa kiti, ikasikika sauti ndefu kama ya kitambaa kinachochanwa, na baada ya sauti ikaja habari yenyewe. Baraza zima likatazama dari. Kadhi akajitia kukohoa. Shomvi akasimama, akasema, "Bwana wangu, kuna mtu amechafua hewa."

Ilikuwa desturi ya jumba lile kwamba aibu ya Sultani hubebwa na waziri. Nasibu akaruka upesi. "Ni mimi! Niwieni radhi jamaa, ni mimi!"

"Ahsante kwa ukweli wako," Shomvi akasema, akafungua jani la mgomba. "Udongo ninao, ungali mbichi. Askari, mshikeni. Tundu mnalijua."

Askari, waliokuwa wamechoka kutukanwa na waziri huyo, wakamwinamisha kwa furaha. Nasibu alipohisi kikoi kinafunuliwa, akapiga ukelele: "Si mimi! Wallahi si mimi! Ni Bwana!"

Shomvi akamgeukia Sultani, akainama mpaka paji la uso likagusa zulia. "Bwana wangu, sheria imesema mkubwa au mdogo, lakini mimi sithubutu. Au labda na ule ulikuwa ushuzi wa enzi?"

Sultani akamtazama Shomvi, akautazama udongo, uso ukamsawajika kwa aibu. Kisha tumbo likaanza kumtikisika, akacheka hata kilemba kikaanguka, na katika kucheka huko akachafua tena.

"Zibeni tanuri zangu zote," akasema huku akifuta machozi, "kabla mtu huyu hajanifikia! Na majiko ya watu yazibuliwe. Udongo wote ataubeba Nasibu."

Ikawa hivyo, na jiko la Mwanakheri likawaka jioni ileile. Sultani naye akatunga sheria ya pili kwa mkono wake mwenyewe, fupi na isiyo na mwanya: siku ya baraza, maharage ni marufuku.

Hekaya yangu imekomea hapo. Anayetaka kucheka na acheke, ila afungue dirisha kwanza.