Mwalimu Nguchiro na Maji ya Tindigani

Paukwa!

(Pakawa!)

Ninyi wa nyuma mmefumba midomo. Paukwa!

(Pakawa!)

Haya. Sauti hiyo ndiyo niitakayo, maana hadithi ya leo haisikilizwi kwa kunong'ona.

Zamani, zamani za kale hasa, wanyama waliishi pamoja katika nchi ya Tindigani. Maji yao yalikuwa bwawa moja tu. Humo walikunywa, humo walichota. Na humo humo Mtemi Nyati alioga. Kila asubuhi alishuka na wanawe, chubwi! Akagaagaa, akajisaidia humo humo, akatoka akijikung'uta, akaenda zake malishoni. Nyuma yake wenzake wakainamisha vichwa, wakanywa. Nani angesema? Pembe za Nyati mnazijua.

Shule yao ilikuwa ndani ya kichuguu kikuukuu, kikubwa, kilichotobolewa madirisha. Mwalimu alikuwa Nguchiro. Mama mfupi, mwembamba, mkia mrefu. Ndiye yule yule anayepigana na nyoka. Alifundisha herufi, alifundisha kujumlisha kwa kokoto, jioni akarudi shimoni kwake.

Masika moja yakaingia maradhi ya tumbo. Watoto wakaharisha, wakaharisha, macho yakazama, midomo ikakauka, kisha kimya.

Mganga wa nchi alikuwa Mzee Fisi. Alikuja na njuga zake miguuni, chaka-chaka, chaka-chaka, na dawa yake ilikuwa moja.

"Tumbo linavuja? Basi msilitie maji! Mtoto asinywe hata tone mpaka likauke."

Wazazi wakatii. Tumbo likakauka kweli, na mtoto akakauka nalo. Kisha Fisi akasema ni mwiko mzazi kumzika aliyekufa kwa tumbo. Akambeba yeye mwenyewe, akaenda naye porini peke yake.

Darasani nafasi zikaanza kubaki wazi. Pale alipokaa Kanga mdogo, hakuna mtu. Pale alipokaa mtoto wa Digidigi, hakuna mtu. Asubuhi moja Nguchiro alikuwa akijumlisha, akaitazama ile nafasi ya Digidigi, akaiacha hesabu. Akazimwaga kokoto chini.

"Leo tunasoma habari za mavi," akasema.

Lo! Kwa! kwa! kwa! Nyani akaanguka chali. Pimbi akaziba uso kwa aibu. Nguchiro akangoja.

"Chekeni kwanza. Mkimaliza tutasoma, kwa sababu hayo mnayoyacheka ndiyo yanayotuua."

Nyani akainuka, akaketi.

Basi akawafundisha. Ng'ambo ya kilima aliishi Bi Korongo, muuguzi, na kwake ndiko Nguchiro alikoyapata mambo hayo. Akawaambia kinyesi kikiingia majini, ugonjwa umeingia majini, na anayeyanywa ameunywa. Akawaambia anayeharisha anapoteza maji ya mwili, na yasiporudishwa anakufa. Akawaambia akishindwa hata kunywa, abebwe mbio kwa Bi Korongo. Na wasisahau, akawatungia wimbo:

*Choo kule, maji huku!*
*Chemsha, chemsha, yatokote!*
*Konzi ya sukari, chumvi bana kwa vidole,*
*Isizidi chumvi ya machozi.*
*Anywe! Anywe tena!*

"Na mtu akikupa dawa," akasema, "muulize. Ni ya nini? Inafanya nini mwilini? Isiponisaidia, nifanyeje? Kuuliza hivyo si utovu wa adabu. Mwili ni wako."

Watoto wakaenda nao wimbo nyumbani. Wakaimba wakila, wakaimba wakioga. Wazazi wakashika vichwa. "Mwalimu gani huyu? Tumempeleka mtoto akasome, amerudi na habari za chooni!"

Fisi akausikia, akaenda mbio kwa Mtemi.

"Mtemi, wanaimba 'choo kule, maji huku'. Unadhani wanamwimba nani?"

Nyati akapumua, fuuu! Akaitisha baraza. Wanyama wote wakaja. Nguchiro akasimama katikati, mdogo kama kisiki.

"Mwalimu," Nyati akasema, "kazi yako ni herufi. Habari za tumbo mwachie Mzee Fisi. Habari za bwawa niachie mimi."

"Mtemi, shikamoo," Nguchiro akajibu. "Herufi nitafundisha. Na tumbo nitafundisha. Na bwawa nitafundisha. Nina nafasi zilizo wazi darasani, na sitaki nyingine."

"Unanikatalia?"

"Nakukatalia, Mtemi."

Baraza zima likaguna. Nyati akainuka. Akaenda moja kwa moja hadi kwenye kichuguu, akainamisha pembe. Puu! Ukuta ukaanguka. Puu! Dari likashuka. Puu! Ikabaki rundo la udongo mwekundu.

Na Nguchiro je? Msidhani hakuogopa. Alirudi shimoni kwake akalia, akajiambia labda inatosha, labda aende akaishi kwa Bi Korongo. Lakini asubuhi miguu yake ikampeleka kule kule. Akapanda juu ya kifusi, akakaa. Akaja Pimbi. Akaja Nyani. Akaja Sikudhani, binti wa Ngiri, mwenye sauti kubwa kuliko wote. Wakakaa juu ya kifusi.

"Tulifika wapi?" Nguchiro akauliza.

"Chumvi ya machozi!" wakajibu.

Haukupita muda, Mashaka, mdogo wake Sikudhani, akaanza kuharisha. Mama Ngiri alikuwa mjane, na wale ndio watoto wake wote. Akamwita Fisi. Fisi akaja, chaka-chaka, akaketi mlangoni, akanyoosha miguu.

"Asinywe hata tone."

Sikudhani akasimama mbele yake. "Babu, hiyo dawa inafanya nini mwilini?"

"Nini?"

"Nauliza inafanya nini. Na isiposaidia, tufanyeje?"

"Mama Ngiri! Mfunge mdomo mwanao!"

Mama Ngiri akatazama chini. Sikudhani hakungoja. Akatoka mbio, akipiga kelele njia nzima hadi kwenye kifusi. Nguchiro akasikia, akaruka. Watoto wakawasha moto. Maji yakatokota, bwata-bwata. Wakayapoza, wakatia konzi ya sukari, wakatia chumvi ya kubana kwa vidole. Nguchiro akaonja. Hayakuzidi machozi. Wakabeba chungu, wakaenda.

Fisi alikuwa amejaa mlangoni.

"Hapapitwi."

Nguchiro akaweka chungu chini. Manyoya yakamsimama, mkia ukavimba, akawa kama anavyokuwa mbele ya swila.

"Mzee Fisi, mimi humkabili anayeuma kwa sumu. Wewe utanitisha kwa njuga? Ondoka!"

"Mama Ngiri, ukimpa maji, mwanao akifa usinilaumu!" Fisi akabweka.

Hapo Mama Digidigi akatokea. Hakuwa amesema neno tangu mwanawe alipokufa. Akasema taratibu, "Mzee Fisi, mimi wangu sikumpa maji. Nilikutii. Alinililia maji mpaka sauti ikaisha. Nionyeshe kaburi lake."

Fisi akatupa macho vichakani.

"Nionyeshe. Liko wapi?"

Wote wakamtazama Fisi. Wakalitazama tumbo lake, jinsi lilivyonawiri mwaka wa misiba. Fisi akainuka, akarudi nyuma, akageuka. Chaka-chaka-chaka-chaka! Njuga zikapotelea vichakani.

Mama Ngiri akanyoosha mkono. "Nipe chungu."

Wakamnywesha Mashaka kijiko kwa kijiko. Akatapika. Mama akalia.

"Tunangoja kidogo," Nguchiro akasema, "kisha tena. Polepole."

Akanywa. Akaharisha. Akanywa tena. Jua likapanda, Mashaka amelala kama kitambaa. Nguchiro akamshika kifua, moyoni akisema, nikikosea, hata shule yangu ya kifusini imekwisha. Lakini hakuacha. Akachota kijiko kingine.

Alasiri Sikudhani akapiga ukelele uliosikika hadi bwawani.

"Amekojoa! Mwalimu, Mashaka amekojoa!"

Na watoto wote, ambao walifundishwa kwamba mkojo ukirudi maji yamerudi mwilini, wakaruka. "Amekojoa! Amekojoa!" Pimbi mwenye aibu ndiye aliyepiga kelele kuliko wote. Mama Ngiri naye akacheka huku akilia, "Amekojoa mwanangu!" Mashaka akafumbua macho, akaomba maji.

Asubuhi Mtemi Nyati akashuka kuoga. Akakuta ukingo umejaa. Watoto wamesimama bega kwa bega, Nguchiro katikati.

"Pisheni."

"Hapa tunakunywa, Mtemi," Nguchiro akasema. "Kuoga, uchotewe maji ukaogee kule. Kujisaidia, ukachimbe kule."

Nyati akakwaruza ardhi, kwaru! kwaru! Watoto wakashikana mikono. Mama Ngiri akaja na Mashaka mgongoni, akasimama. Mama Digidigi akasimama. Baba Nyani akasimama. Mama Kanga akasimama. Wakasimama wote mpaka Nyati hakuona tena bwawa, aliona macho tu.

Akapumua, fuuu! Hakuomba radhi, Nyati haombi radhi. Akageuka, akaenda kule.

Mnaonisikiliza, wakubwa kwa wadogo, funzo ni hili: mtoto afundishwe habari za mwili wake bila kuonewa haya, na akiuliza ajibiwe. Anayemkataza kuuliza, mwangalieni vizuri anafaidika na nini.

Nami hadithi yangu naitua hapa. Aliyeisikia aende nayo kwao, aisimulie kwa sauti.