Nguchiro Aliyembadili Twiga kwa Mayai

Hapo zamani za kale, wanangu, zamani kweli, si hizi zamani za juzi mnazosimuliwa na watu wenye haraka, wanyama wa Bonde la Mgunga walikuwa na nyumba zao, wake zao, ugomvi wao, na timu zao za mpira wa kikapu. Ndiyo, mpira wa kikapu! Anayebisha akamuulize Twiga ile shingo aliirefusha kwa kazi gani.

Timu zilikuwa mbili. Mtoni walikaa wakubwa, timu yao ikiitwa Vigogo. Mwenyekiti wao alikuwa Kiboko, bwana mwenye tumbo la heshima na miayo ya kutisha. Kichuguuni walikaa wadogo, timu yao Chipukizi. Nahodha wao alikuwa Nguchiro, mwembamba kama mkanda, macho hayatulii, na sifa yake moja ilijulikana bonde zima: alipenda mayai. Si kupenda kwa kawaida, la! Ukitaja yai mbele yake, mkia unasimama wenyewe, twii!

Sasa mchezo huo haukuwa wa kuchezea. Kila mwaka, kabla ya kiangazi kuingia na kukausha mto, timu hizo zilipambana. Walioshinda walitangulia kunywa kisimani kiangazi chote. Walioshindwa walikuja mwisho, kisima kikiwa kimebaki tope na vyura wenye hasira. Na Chipukizi, mwaka nenda mwaka rudi, walikunywa tope.

Tegemeo lao lilikuwa Mzee Twiga. Alizaliwa pale pale kichuguuni, na sheria ya bonde ilisema hivi: mnyama huchezea ardhi alipofumbulia macho, mpaka timu yake imtoe kwa hiari. Twiga hakuhitaji kuruka. Aliinamisha shingo, akautia mpira kikapuni taratibu, kama mama anayeweka chungu mafigani. Ila magoti! Akipiga hatua, kwaa! Akipiga nyingine, kwaa! Kama mlango wa ghala.

Wenzake walitazama shingo. Nguchiro alisikiliza magoti.

"Mke wangu," alisema siku moja, "yale magoti yamebakiza mechi moja nzuri."

"Ya kushindia sisi au ya kushindia wengine?" mkewe akauliza.

Nguchiro akamtazama mkewe, akatikisa kichwa. Swali lile hakulisahau.

Basi mwaka huo, kwenye mechi ya majaribio, Mbuni wa Vigogo akakosa kikapu kimoja. Kimoja tu! Kiboko akanguruma: "Toka! Na mkeo atoke! Mimi nataka ushindi, sitaki watu wa kujifunza!"

Mbuni na mkewe wakahamia ng'ambo ya milima huku wanalia. Mayai yao yakabaki kwenye mchanga wa Mtoni, maana sheria ya bonde ilisema pia: kilicho uani kwa timu ni cha timu.

Nguchiro aliposikia, mkia ukasimama twii! Halafu, kwa mara ya kwanza maishani mwake, akaushika kwa mikono miwili, akaushusha, akafikiri.

Kesho yake akabisha mlangoni kwa Kiboko.

"Hodi, Mwenyekiti!"

"Karibu, kijana. Mbona mate yanakutoka?"

"Nimepita karibu na yale mayai, Mwenyekiti. Usingizi sipati. Chakula hakipiti."

Kiboko akacheka mpaka mawimbi yakapiga ukingo. "Wewe ni nahodha au ni mlafi?"

"Vyote viwili, mzee wangu. Nipe yale mayai. Sema unataka nini."

Kiboko akaacha kucheka. Akajisogeza karibu, akanong'ona, na mnong'ono wa Kiboko husikika mpaka kilima cha pili: "Nipe Twiga."

"Uwii!" Nguchiro akajishika kichwa. "Twiga wetu? Kimo chetu chote? Watu wangu wataninyonga!"

"Mayai yote, Nguchiro. Makubwa kama vichwa."

"Usiyataje, tafadhali!"

"Yenye kiini cha manjano, kizito..."

"Basi, basi! Mchukue Twiga!" Nguchiro akalia kilio cha kweli, maana njaa yake haikuwa ya kuigiza. "Ila niongezee mtungi mmoja wa maji safi kila siku, kiangazi chote. Nikirudi na mayai peke yake watanitoa roho."

"Mtungi mmoja? Mimi nikipiga chafya namwaga mitungi kumi! Chukua." Kiboko akakonyeza jicho. "Na hayo mayai utayala yote?"

"Kwani yai lina kazi gani nyingine, Mwenyekiti?"

Wakapeana mikono. Kiboko alilala siku hiyo akijiona ndiye mwenye akili kuliko wote bondeni, na kusema kweli, mimi sijaona mnyama aliyelala vizuri kama yule.

Kichuguuni kukawa na moto.

"Umeuza kimo chetu kwa kifungua kinywa!" alifoka Kobe, mkubwa wa ukoo wa wadogo. "Tumesubiri ushindi miaka na miaka! Mimi nimechoka kusubiri! Nataka ushindi leo! Sasa hivi!" Akapiga mguu chini kwa hasira, na mguu ukachukua muda kufika.

"Mzee Kobe, subira..."

"Usinifundishe subira mimi!"

Mzee Twiga alishusha shingo mpaka usawa wa uso wa Nguchiro. "Kijana, ndiyo thamani yangu hii? Mayai?"

"Mzee wangu," Nguchiro akajibu kwa sauti ya chini, "kule utakunywa maji safi wa kwanza. Hapa nina tope tu la kukupa, na magoti yako yanalia kila siku. Nenda ukanywe."

Twiga akamtazama sana. Akaondoka, kwaa, kwaa, kwaa, na wadogo wakalia kama wanazika.

Kikao kikatoa hukumu. Mwaka huu watasamehe. Lakini Chipukizi wakishindwa tena mwaka ujao, Nguchiro na mkewe wafunge mizigo, watoke kichuguuni, wasirudi.

"Mume wangu," mkewe alisema walipobaki wawili, "niambie una akili. Nidanganye hata kidogo."

Nguchiro akamwongoza mpaka chumba cha ndani kabisa, mle mlimo na joto kama kifuani pa mama. Mchwa hawazimi moto wao, wanangu, hata masika. Wakayazika mayai kwenye udongo ule wa moto.

Kisha Nguchiro akatega sikio kwenye yai moja moja, maana fundi wa mayai ni fundi wa mayai. "Hili linagonga. Hili linagonga. Hili nalo, msikie! Hili..." Akakunja pua. "Hili viza."

"Litupe."

"Aa! Hilo ndilo la maana kuliko yote. Liweke."

Tatizo likabaki moja: mlinzi mwenyewe ndiye mwizi. Kila alipopita karibu na chumba kile miguu ilipinda yenyewe. Basi mkewe akawa anamfunga mdomo kwa ukindu. Majirani wakamwona nahodha wao akitembea na mdomo uliofungwa, wakasema, "Masikini, hata yeye anajionea aibu."

Siku chache kabla ya mechi, ardhi ikatetemeka. Kiboko! Alikuwa ameanza kujiuliza.

"Nguchiro! Toka! Mbona sioni maganda?"

Mke akakata ukindu, chwap! Nguchiro akatoka nje anapangusa mdomo. "Mwenyekiti! Nayala kidogo kidogo nipate kuyafaidi. Kitu kitamu hakibugiwi."

"Kula moja nikuone."

Umati ukajaa. Kobe akaanza safari ya kuja kutazama. Nguchiro akaingia ndani, akatoka na yai lile. Mnalikumbuka? Lile viza.

Akaligonga. Paf! Harufu ikatoka kama mtu aliyefungiwa mwaka mzima. Ndege wakaruka mtini. Kiboko, anayelala kwenye matope, akarudi nyuma hatua.

"Mbona linanuka?"

"Limeiva, Mwenyekiti. Wajuzi tunayapenda yaliyoiva." Nguchiro akalinyanyua, akafumba macho, akanywa. Glu. Glu. Glu. Mpaka tone la mwisho.

"Unalia!"

"Machozi ya utamu, mzee wangu." Akalamba ganda, akajitahidi kutabasamu. "Nikuletee na wewe moja?"

"Hapana, hapana! Kula tu, kula yote!" Kiboko akageuka akaenda zake, akacheka njia nzima. Nguchiro akasimama wima kama askari mpaka yule bwana alipopotea nyuma ya kilima. Kisha akakimbilia vichakani, na ya huko vichakani siwasimulii, mnataka kula chakula chenu jioni.

Mechi ikachezwa. Vigogo wakiwa na Twiga waliwapiga Chipukizi mpaka mwamuzi akachoka kupuliza kipenga. Kiboko akabebwa juu juu, wabebaji wakiugua. "Nani bingwa?" aliuliza. "Vigogo!" "Mwaka gani?" "Mwaka huu!" Wala hakuna aliyeuliza habari za mwaka mwingine.

Na kichuguuni, siku hiyo hiyo ya msiba, chumba cha ndani kikasema: ko, ko, ko. Krak!

Vikatoka vifaranga vya mbuni, vya madoa, miguu mirefu kama maneno ya wakwe, macho yakifumbuka kwenye ardhi ya Chipukizi.

"Hivi ndivyo vitakavyotia kikapu?" Kobe alidharau. "Havifiki hata mgongoni mwangu!"

"Wiki hii havifiki," akajibu Nguchiro. "Na habari hii isivuke kilima."

Kiangazi kikapiga. Kila asubuhi mtungi wa Kiboko ukafika. Nguchiro aliugawa: nusu kwa wakazi wa kichuguu, kila mmoja tone lake la kumtoa tope kooni, asije akamfukuza nahodha kabla ya mavuno, nusu kwa vifaranga. Wakanywa, wakarefuka. Wakanywa, wakarefuka. Kiboko mwenyewe, kwa mkono wake, akawa anawanywesha! Mchana wakafundishwa kudunda mpira, du, du, du, nyuma ya kichuguu. Kobe akaacha kudharau siku alipotaka kumwona mmoja wao usoni akaanguka chali.

Mwaka ukageuka. Vigogo wakaingia uwanjani, Kiboko akipunga mkono. Twiga, kwaa, kwaa. Faru hamwoni hata aliyemshika mkono. Tembo pumzi imemwisha kabla ya kipenga. Benchi halikuwa na kijana hata mmoja, maana kila kijana aliyekosa kikapu alifukuzwa.

"Chipukizi wako wapi?" Kiboko alidhihaki. "Watatokea shimoni?"

Naam. Wakatokea nyuma ya kichuguu. Warefu, weusi, shingo juu, miguu ikidunda kabla ya mpira kudunda.

Kiboko akapiga miayo ya bahati mbaya, taya likagoma kufunga. "Nguchiro! Si ulisema utayala?"

"Nilikula, Mwenyekiti. Ulisimama pale ukinitazama."

"Ulikula moja!"

"Na wewe, mzee wangu, nilikuuliza nikuletee moja, ukakataa."

Kipenga. Mbuni wakapita kama upepo, fyuu! Kikapu. Fyuu! Kikapu. Faru akafunga moja zuri sana, kwenye kikapu cha kwao. Mzee Twiga alipoona mtoto mmoja ametia mpira taratibu kama mama anayeweka chungu mafigani, akakaa chini katikati ya mchezo, akacheka. Kiboko akamfukuza papo hapo. Nguchiro akamwita upande wa pili: "Mzee, watoto wengine bado hawajui kutia kwa shingo. Njoo uwafundishe." Na pembeni ya uwanja walionekana mbuni wawili wakubwa, waliovuka milima baada ya kusikia habari, wanahesabu watoto wao na kukosea kwa machozi.

Kiangazi kilipoingia, foleni ikapangwa kisimani. Mbele kabisa, kwa heshima ya umri, Kobe. Mwisho kabisa, Kiboko, ulimi nje.

Kobe akainamisha kichwa. Akaonja. Akafikiri. Akaonja tena.

"Harakisha, mzee!" Kiboko akalia. "Jua linaniua!"

Kobe akageuza shingo taratibu, taratibu sana. "Haraka ya nini, mwanangu? Mimi nilishajifunza kusubiri."

Nanyi shikeni hili: kunywa cha leo, lakini usimwuzie jirani yai la kesho.