Mwaisumo Aliyeapa Hakimbii

Watu wa Lupande walijenga mtambo wao wa umeme wa maji, mali ya kijiji kizima. Kilibaki kipande cha mwisho cha mfereji, nacho lazima kipite shambani kwa tajiri Mwaisumo. Akaja mpakani na panga, tumbo limetangulia, yeye anafuata.

"Mtambo uwe wangu, umeme mnunue kwangu. La sivyo halipiti hata tone!"

Bi Sikitu, muuza togwa mwenye meno mawili, akamsogelea. "Baba, tuwekeane dau. Kaa hapo hapo. Usipokimbia mpaka jua lizame, mtambo wako. Ukikimbia, tunachimba."

Mwaisumo akacheka hadi akapaliwa. "Mimi nikimbie? Hata chui hanikimbizi!"

"Basi apa mbele ya watu."

Akaapa, akaketi kwenye kigoda, panga magotini.

Saa nne Bi Sikitu akarudi amemshika mkono ajuza mwenye mkongojo. Mwaisumo akatoa macho. Mama mkwe wake! Na kwao, mwanamume akimwona mama mkwe hujificha kichakani mpaka apite, asije akatazamana naye uso kwa uso. Panga likaanguka huku, kandambili kule, tajiri akazama migombani.

Watu wakachimba. Jioni maji yakapita, taa zikawaka kijiji kizima.

Sauti ikatoka migombani: "Bi Sikitu! Mama ameshapita?"

Ajuza alikuwa amesharudi kwake tangu adhuhuri.

"Bado, baba," akajibu Bi Sikitu. "Ndiyo kwanza anaomba uji."