Ushahidi wa Mama Kabula

Isome hii polepole, kisha umpelekee yeyote anayependa kusema, "Mimi nimeona kwa macho yangu."

Katika kijiji kimoja cha Usukumani aliishi mjane aliyeitwa Mama Kabula. Hakuwa na makuu, ila watu walimheshimu kwa jambo moja: hakuwa mwongo. Mipaka ya mashamba ikileta maneno, aliulizwa yeye.

Mchana mmoja, maksai wawili wa Mzee Shigela waliibwa karibu na lambo, bwawa la kunyweshea mifugo. Mvua za kwanza zilikuwa zimeshanyesha. Bila maksai wale, Shigela hangelima, na nyumba yake ingeshinda njaa mwaka mzima.

Mama Kabula alikuwa lamboni akifua. Sungusungu, walinzi wa kijiji, wakamfuata nyumbani. Kamanda wao, Mzee Luhende, akaketi mbele yake.

"Mama Kabula, tunakutegemea wewe. Ulimwona?"

"Nilimwona mtu anaswaga ng'ombe wawili. Mimi nilikuwa nafua, jua kali, halafu yule mtu..."

"Mambo ya kufua tuyaache. Alikuwa anachechemea?"

Mama Kabula akafikiri. "Sikuangalia miguu."

"Kumbuka vizuri. Mguu wa kushoto. Hakuwa anauburuza?"

Kijijini pale mwenye kuchechemea alikuwa mmoja tu: Masunga, fundi viatu, ambaye aliwahi kugombana na Shigela juu ya mpaka wa shamba. Luhende hakulitaja jina lake. Hakuwa na haja.

"Labda," akasema Mama Kabula.

Kesho yake Luhende alirudi na swali lile lile. Jibu likawa, "Nadhani alichechemea." Aliporudi tena, Mama Kabula hakungoja kuulizwa. Alisimama akaigiza jinsi mwizi alivyouburuza mguu wa kushoto vumbini.

"Vizuri sana," Luhende akasema. "Sasa umekumbuka."

Wala hakuwa anadanganya. Akifumba macho, alimwona kabisa.

Kijiji kikakutana. Masunga alisimama katikati ya watu, akamgeukia.

"Mama Kabula, unanijua tangu nanyonya. Ni mimi uliyeniona?"

"Ni wewe, baba. Inaniuma, lakini ni wewe."

Masunga akatengwa. Asisalimiwe, asiuziwe chumvi, asipewe moto, mtu asifike kwake kwenye sherehe wala msiba. Mkewe alivumilia kidogo, kisha akarudi kwao.

Kabla ya mavuno, mama yake Masunga akafariki. Hakuna aliyekwenda. Masunga alichimba kaburi peke yake nyuma ya nyumba, akiegemea mguu wake mzima. Mama Kabula alikuwa jirani, na marehemu alikuwa shoga yake wa ujanani. Tangu asubuhi alisikia jembe likigonga ardhi. Akafunga mlango, akajiambia kwamba haki ni haki.

Baada ya mavuno, mwizi wa mifugo alikamatwa mnadani, mbali na pale. Akakiri wizi mwingi, ukiwemo wa maksai wa Shigela. Aliletwa kijijini aonyeshe alikopita. Alikuwa mrefu, na alitembea wima kama askari.

Watu wakanong'ona kwamba pengine walikuwa wawili.

"Nilikuwa peke yangu," mwizi akasema. "Muulizeni mama huyu, si alikuwepo? Alinisalimu nikaitikia. Akaniuliza naswaga wapi, nikamwambia joshoni, kuwaogesha dawa."

Watu wote wakamtazama Mama Kabula.

Ndipo yakamrudia. Ile salamu. Ile sauti ngeni, ya mtu asiye wa kwao. Uso uliomgeukia juani, huku yeye ameshika nguo mbichi mkononi. Alikuwa amesema na mwizi ana kwa ana! Na sauti ya Masunga aliijua tangu utotoni mwake. Lakini hakuna aliyemuuliza ilikuwaje. Aliulizwa mguu, akajibu mguu, na mengine yote yakafunikwa.

"Kweli," akasema kwa shida. "Tulisalimiana."

Luhende akainamisha kichwa. "Nilidhani namsaidia kukumbuka."

Mama Kabula akaenda kwa Masunga, watu nyuma yake. Akampigia magoti, yeye mwenye umri wa kumzaa.

"Mwanangu, nimekuangamiza. Hata mama yako nikamwacha azikwe na mtu mmoja."

Masunga alikuwa akishona kiatu. Hakuacha.

"Ungekuwa umenisingizia, Mama Kabula, ningekusamehe sasa hivi. Msingiziaji anajua alichofanya. Lakini wewe uliniona. Siku ile ulisema kwa uhakika mpaka mimi mwenyewe nikajiuliza, je, kweli sikwenda lamboni?"

"Na mpaka leo," Mama Kabula akasema, machozi yakimtoka, "najua si wewe, lakini nikifumba macho bado nakuona unachechemea."

Masunga akaweka sindano chini. Akaonyesha kwa kidevu nyuma ya nyumba.

"Kaburi liko kule. Kamwombe radhi yeye kwanza."

Mama Kabula akaenda, akaketi kwenye udongo bila mkeka. Baadaye Luhende akaja, akavua kofia. Kisha Shigela. Kisha kijiji kizima, mmoja mmoja, wakakaa msiba waliokuwa wameukataa, na hakuna aliyethubutu kumtazama mwenzake usoni.

Funzo: Swali baya huweza kumpa mtu mkweli kumbukumbu ya uongo. Ukimhoji aliyeona, mwache asimulie mwenyewe tangu mwanzo, usimlishe maneno. Na ukiulizwa usilolijua, usione haya kusema "sijui".