Mashavu Aliyewika Kulipa Deni la Jogoo

Hapo zamani palikuwa na mji ukiitwa Kibarangoni, na mfalme wake akiitwa Sultani Zahoro. Sultani huyu alikuwa na fahari moja iliyompendeza kuliko kilemba chake cha dhahabu, nayo ni kwamba tangu azaliwe hakuwahi kukopa kitu kwa mtu. Kila Ijumaa akiketi barazani hunena, "Mimi sikukopa hata uzi," na mawaziri huitikia, "Hata uzi, Maulana," ikawa ndiyo dua ya kufungulia baraza.

Nyuma ya jumba lake, ukuta kwa ukuta, palikuwa na kibanda cha Mashavu, mjane kijana mwenye mtoto mchanga. Watu walimwita punguani, kwa kuwa neno akiambiwa hulichukua kama lilivyo. Siku moja, mlangoni pa nyumba ya watu, shoga yake alimwambia, "Nisubiri hapa," kisha akasahau kurudi. Magharibi alimkuta Mashavu palepale mlangoni, mtoto mgongoni, amekwisha kuwafagilia watu uani na kuwamenyea muhogo wao wote.

Marehemu mumewe, Shaame mchonga vinu, alimwachia vitu viwili: chuma cha kukaangia vitumbua, na deni. Deni lenyewe lilikuwa la arusi yao. Shaame alikopa pishi kumi za mchele katika ghala la Sultani apike pilau ya kuulisha mji, asije akasemwa. Mji ukala, ukashiba, ukamsema vilevile, kwamba nyama ilikuwa kidogo.

Na mchele wa ghala ulikuwa na tabia mbaya: ulizaa. Kila mwezi ulipoandama, Bwana Hilali, mwenye funguo za ghala, alipita kibandani akasema, "Mashavu, deni lako limejifungua."

"Salama?" Mashavu huuliza. "Mtoto wa kike au wa kiume?"

Hilali huondoka akitema mate. Basi deni likazaa, na watoto wake wakazaa, hata pishi kumi zikawa magunia mawili.

Mashavu hakukata tamaa. Jioni alikopa kibaba cha mchele dukani kwa Mzee Bungala, akauloweka, alfajiri akautwanga, akaumua, akakaanga vitumbua akauza, na kabla jua halijawa kali Bungala alikwisha kulipwa. Kilichobaki kilimtosha yeye na mwanawe, na punje chache za kutupa ghalani. Chuma kile ndicho kilichokuwa shamba lake na mume wake.

Ikawa wiki moja Sultani alikasirika, akasema wadeni wanauharibu mji. Mara mbiu ikalia sokoni.

"Sikieni! Tangu leo mtu asikopeshwe, wala neno lake lisisadikiwe mbele ya baraza, ila awe na mashahidi kwamba alikopa akalipa. Asiyekuwa na mashahidi hana jina! Na kila anayedaiwa na ghala alipe Ijumaa hii, ama chombo chake cha kazi kitwaliwe!"

Mashavu akaenda mbio dukani. "Mzee Bungala, nikopeshe kibaba changu cha kila siku."

"Una shahidi, mwanangu?"

"Si wewe mwenyewe? Nimekulipa mara ngapi?"

"Hayo ni ya kabla ya mbiu. Ya kabla ya mbiu hayahesabiwi."

"Basi nikopeshe leo, kesho nikulipe, upate kunishuhudia."

"Siwezi kukukopesha, huna shahidi."

"Na shahidi nitampata wapi?"

"Kwa atakayekukopesha."

"Na nani atanikopesha?"

"Atakayemwona shahidi wako," akasema Bungala, akajikuna kichwa, maana naye alianza kusikia kizunguzungu.

Mashavu akarudi kibandani, akaketi mbele ya jiko lililozimika, akamnyonyesha mwanawe na kukitazama chuma. Kikienda hicho, watakula nini? Akatazama jiko. Jiko halina moto. Ndipo akakumbuka desturi ya mji, kwamba jirani hanyimwi moto, wala maji, wala chumvi, hata akiwa adui. Na jirani yake ni nani? Akaokota kigae cha chungu, akaenda jikoni kwa Sultani.

"Hodi, Bi Somoe. Nimekuja kukopa kaa la moto."

"Kukopa?" akacheka mpishi. "Moto huombwa, shoga."

"Mimi nakopa."

Jioni ile akarudi na kaa jekundu juu ya kigae, akalitia katika jiko la Sultani. "Deni lako hilo. Nitazame vizuri usoni, usije ukanisahau."

"Maskini," Bi Somoe akawaambia wenzake, "njaa imempanda kichwani."

Kesho yake akakopa chumvi ya ncha za vidole viwili, akairudisha kwa ncha za vidole vitatu. Akakopa maji, akayarudisha. Siku iliyofuata, jua la alasiri lilipompiga Sultani usoni barazani, Mashavu akatokea ameshika kuti bichi la mnazi, akamsimamia nalo kichwani.

"Hiki nini?" akauliza Sultani.

"Kivuli chako, Maulana. Asubuhi nalikaa katika kivuli cha jumba lako nikitengeneza ufagio. Sasa nakurudishia."

"Loo! Kimenipoza."

"Basi nimelipa?"

"Umelipa, umelipa. Egemeza huku kidogo, sikio hili linaungua."

Na mawaziri wote wakasikia.

Ijumaa alfajiri Sultani Zahoro aligutuka kitandani kwa sauti ya ajabu chini ya dirisha lake. Ilikuwa kama ya jogoo, lakini jogoo mwenye mafua. Ikawika, ikanyamaza, ikakohoa, ikawika tena. Akachungulia, akamwona Mashavu amesimama juu ya kinu kilichofudikizwa, mtoto mgongoni, shingo ameinyoosha. Askari wakamkamata, na baraza ilipoketi akaletwa mbele. Bwana Hilali alikuwa hapo tayari, na chuma cha vitumbua amekishika mkononi.

Sultani, macho mekundu kwa usingizi, akanena, "Ni wewe uliyewika?"

"Ni mimi, Maulana."

"Kwani jogoo wangu amekufa?"

"Ni mzima wa afya. Jana nalitaka kudamka, nami sina jogoo. Akawika wa kwako, nikaamka kwa sauti yake. Lile likawa deni, nikaona nisiliache likalala likazaa. Leo nimelipa."

"Jogoo wangu huwika mara moja tu. Wewe umewika mara mbili!"

"Ya pili ni shukrani, Maulana. Kwetu chombo cha jirani hakirudishwi kitupu."

Watu wakaziba vinywa kwa vilemba. Mashavu akamgeukia Kadhi, mzee mwembamba aliyeketi karibu na kiti cha enzi na ambaye hakuna aliyewahi kumwona akicheka. "Bwana Kadhi, mbiu ilitaka mashahidi kwamba nalikopa nikalipa. Bi Somoe na aulizwe."

Bi Somoe akaitwa, akashuhudia moto, chumvi na maji. Kisha Kadhi akamtazama Sultani. "Maulana, na kivuli?"

"Alirudisha," Sultani akanung'unika. "Tena kilikuwa kizuri."

"Basi mwanamke huyu ana jina," akasema Kadhi.

Bwana Hilali akainama sikioni mwa Sultani. "Jina halijazi ghala, Maulana. Anadaiwa magunia mawili."

Sultani akaona njia ya kulipiza usingizi wake. Akatabasamu. "Vema, Mashavu. Wewe ni mtu wa kurudisha kilekile: moto kwa moto, kivuli kwa kivuli. Basi magunia siyataki. Nirudishie pishi zilezile kumi alizokopa mumeo, punje kwa punje, si mchele mwingine. Ukiweza, tumemalizana. Ukishindwa, chuma hiki ni cha ghala, nawe utatwanga ghalani mpaka deni likome kuzaa."

Baraza ikalipuka kwa kicheko. Mchele ulioliwa arusini, nani ataurudisha? Akakitazama chuma mkononi mwa Hilali, kisha akampapasa mwanawe mgongoni. Neno akalichukua kama lilivyo: punje zilezile. Akazifuata kwa mawazo toka ghalani hata sufuriani, na toka sufuriani hata kwenye masinia. Basi akainua macho, akalikazia tumbo la Sultani, asipepese.

"Unatazama nini?" akauliza Sultani.

"Natazama mchele wako, Maulana."

"Siku ya arusi yetu ulitutukuza, ukaja," akasema Mashavu. "Uliketi kwenye busati, ukaletewa sinia ukalimaliza. Ukaletewa la pili. La tatu ulilivuta mwenyewe toka mbele ya babu yake bwana arusi. Kwa hiyo sehemu kubwa ya pishi zile Shaame alikwisha kuilipa siku ileile, na imehifadhiwa humo, mahali salama kuliko ghalani. Zilizobaki wanazo mawaziri. Chache anazo Bwana Kadhi, maana yeye alikula kwa adabu. Anayezitaka na azidai kwa walio nazo."

Mawaziri wakavuta kanzu zao kufunika matumbo.

Sultani akasimama. "Uongo! Mimi sikula hata tonge! Ni neno langu na neno lake!"

"Bwana Kadhi," akauliza Mashavu kwa upole, "kwa mbiu hii, husadikiwa neno la nani?"

"La aliyekopa akalipa."

"Nami ninalo jina?"

"Unalo."

"Na Maulana, nani shahidi wake kwamba aliwahi kukopa akalipa?"

Kadhi akawageukia mawaziri. "Semeni. Sultani alipata kukopa nini?"

"Hata uzi, Maulana!" wakaitikia wote kwa mazoea, kisha wakajiuma ndimi.

Kadhi akakuna ndevu zake. "Kwa sheria hii, basi, Maulana hana jina. Neno lake halisadikiwi mbele ya baraza."

"Mimi ni Sultani!"

"Na hilo pia tutataka shahidi," akasema Kadhi kwa masikitiko.

Bwana Hilali akauliza, "Na amri ya kutwaa chuma?"

"Ni neno lake."

Hilali akakiweka chuma chini polepole, kana kwamba kimepata moto.

"Na mbiu yenyewe je?" akadakia waziri mmoja kijana. "Nayo si neno lake? Na kama haisadikiwi, si Sultani ana jina? Na kama ana jina, si..."

"Kaa chini," akasema Kadhi. "Huko tusifike, tutashindwa kurudi."

Hapo mtoto mgongoni mwa Mashavu akapiga chafya, nyembamba kama ya paka. Sultani alitaka kukasirika, akashindwa. Kicheko kikamtoka, akashika mbavu, na tumbo likatikisika pamoja na pilau yote iliyokuwamo.

"Masinia manne," akakiri akifuta machozi. "La nne nalila nyuma ya pazia. Basi, jirani, mtu aliye kama mimi hupataje jina?"

"Hukopa, Maulana, akalipa."

"Nikopeshe basi kitumbua kimoja."

"Una shahidi?"

Sultani akatazama kulia, akatazama kushoto. Mawaziri wakatazama dari. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake akajua lile ulilolijua mji mzima wiki ile: kusimama mikono mitupu mbele ya mtu, ukimtazama kama atakuamini.

"Sina," akasema kwa sauti ndogo.

"Nitakukopesha hivyohivyo," akasema Mashavu. "Akikosekana mtu wa kwanza kumwamini mwenziwe, hakuna atakayepata jina hata kiama. Lakini nakitaka leo kabla ya magharibi."

Akachukua chuma chake, akaenda, na Bungala mwenyewe akamfuata mbio na kibaba cha mchele. Adhuhuri Sultani akapewa kitumbua kimoja juu ya sahani, akala. Alasiri moshi ulitanda katika jumba, kwa kuwa alikataa mpishi asimsaidie, akisema deni ni lake. Jua likikaribia kutua, watu wakamwona Sultani Zahoro akizunguka ukuta kwa miguu, unga kwenye ndevu, ameshika sahani. Juu yake palikuwa na kitumbua kimoja kilichoungua upande mmoja na kibichi upande wa pili, na kando yake mchele uliojaa hata ukingo, kwa kuwa chombo cha jirani hakirudishwi kitupu.

"Nimelipa?" akauliza kwa hofu.

Mashavu akakimega, akatafuna, akavumilia. "Umelipa, Maulana."

Sultani akaruka kwa furaha. "Nami nakusamehe deni lote la ghala!"

"Usinisamehe," akasema Mashavu. "Ukinisamehe nitakuwa nimekopa nisilipe, na jina langu nimelitafuta mpaka nikawika. Zile pishi kumi nitalipa, kibaba kwa kibaba. Watoto wake siwajui, sikuwazaa mimi."

Ikawa hivyo. Mbiu ikalia tena kuifuta ile ya kwanza, na mchele wa ghala ukapigwa marufuku kuzaa. Mashavu akalipa, na siku aliyotia kibaba cha mwisho Bwana Hilali mwenyewe ndiye aliyemfungulia mlango wa ghala, akampa mkono.

Na Sultani? Utamu wa kulipa ulimkolea. Kila asubuhi akawa anakwenda kibandani na kigae chake kukopa kaa la moto, ingawa jumbani majiko yalikuwa saba, na jioni akilirudisha. Lakini wako waliosema kwamba siku moja moja alisahau. Basi alfajiri yake Kibarangoni yote ikasikia, chini ya dirisha la mfalme, jogoo mwenye mafua akiwika, na nyuma ya sauti hiyo, sauti nyingine ndogo ya mtoto, anajifunza.

Hekaya hii nimekukopesha. Ilipe kwa kumsimulia mwingine, na uongeze chumvi kidogo, chombo kisirudi kitupu.